Sekunde Moja, Hatua Arobaini

Mezani, orofa ya nne, Umoja,
ramani tumeitandaza, pembe zimekandamizwa
na sufuria ya ugali, na chupa tupu ya soda,
na kiatu cha Kerubo. Cha nne hatukupata;
pembe ya nne inajikunja kama sikio la paka
kila upepo ukipita dirishani.

Shilingi kumi ukurasa, kule saiba.
Kurasa sita tumeziunga kwa gundi.
Katikati pote ni buluu yenye vistari vifupi:
ndivyo wachora ramani wanavyosema
hapa hatukufika.

Njia hakuna. Musembi alipitisha kidole
kutoka reli hadi mafunjo, kutoka mafunjo hadi mafunjo,
kidole kikasita, kikarudi mfukoni.

Huko ndani kuna kikopo.
Alikificha mtu ajiitaye Bundi wa Donholm
mwaka ule wa ukame, alipovuka kwa ndara,
akaandika namba zake, akaenda zake.
Nyuzi, dakika, sekunde.
Sekunde moja ya ramani ni hatua arobaini.
Hatua moja ya kinamasi, asema Kerubo, inategemea
kama unataka buti lako lirudi.

Mabuti ya mpira ya Gikomba, moja namba nane, la pili tisa
(Musembi adai ndivyo miguu yake ilivyo).
Fito mbili za mianzi za kupimia kina.
Kamba. Chumvi ya ruba. Simu ndani ya mfuko wa unga,
na mfuko wa unga ndani ya mwingine.
Mkate tumeubishania hadi saa nne.

Ndipo nikauliza nililolimeza tangu jioni:
yale mafunjo yanaelea, sivyo?
Mizizi imeshikana kama mkeka,
mkeka uko juu ya maji,
mvua ikizidi, mkeka unasogea.
Namba hazihami. Je, kikopo?

Kimya. Jikoni mfereji ukakohoa hewa.
Siku ya tano leo, na sisi hapa tunapanga
kwenda kuzama kiunoni kwa hiari yetu,
katika mji ulioitwa kwa maji baridi,
uliofukia kinamasi chake ukakijengea juu,
nacho kila masika kinarudi
kubisha hodi South C.

Saa saba usiku mfereji ukatapika.
Mlango kwa mlango ndoo zikaamka,
mitungi ikakimbia ngazini,
Musembi na beseni, Kerubo mguu mmoja peku,
nami nikanyakua sufuria ya ugali,
ndiyo iliyokuwa karibu,
na ramani ikajikunja, ikaanguka, ikalowa.

Tumeianika juu ya kiti. Wino umetambaa:
reli imeyeyuka, mto umepanda barabara.
Alama ya penseli peke yake imebaki pale pale,
au karibu na pale.

"Sasa inafanana na kwenyewe,"
Kerubo amesema, akitafuta kiatu.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri.
Majina yetu matatu nimeshayaandika
kwenye kikaratasi cha kuacha kikoponi,
nikakikunja pamoja na bili ya maji.