Maelezo Mengine

Jumatatu, malori bado hayajashusha marobota,
namkuta Mwongeli kati ya mikebe yake ya vifungo,
zipu zimening'inia juu ya kichwa chake, rangi zote.
Nimetumwa nimfundishe simu ishike hesabu.
Yeye kwanza ananiuliza kama nimekunywa chai.

Daftari lake halina jina hata moja.
Kuna kofia. Kuna mguu mfupi kuliko mwenzake.
Kuna mkasi, yaani fundi wa pale ngazini,
na mwezi mchanga, ambao hataki kunieleza.
Simu inauliza: Jina la mteja?
"Iambie ni Kofia. Mwenyewe anajijua."

Daftari la kwanza liliungua pamoja na kibanda.
Asubuhi alikuwa akichakura majivu kwa kijiti,
vifungo vimeyeyuka vikashikana kama ubuyu,
ndipo wakaanza kuja: nina mia mbili zako,
mimi hamsini, na ile zipu ya bluu.
"Wote walikuja?"
"Wote? Hii ni Gikomba, mwanangu."

Namwambia hesabu sasa haitaungua,
inawekwa mbali, kwenye wingu.
Anainua macho kupita ukingo wa mabati.
"Wingu la Aprili au la Julai?"
Nafikiri kidogo. La Julai.
"Afadhali. Hilo hukaa tu, halimwagi kitu."

Saa nne ameshika mwendo.
Kidole kimekomazwa na sindano,
hukigonga kioo mara mbili ndipo kioo kisikie.
Simu inajumlisha: elfu kumi na moja, mia nne thelathini.
Ananyamaza.
"Kumbe mimi tajiri. Ila utajiri wenyewe uko kwa watu."

Namwonyesha kitufe cha kuwakumbusha wadeni wote kwa mpigo.
"Hicho nacho ni kifungo? Hakina hata matundu."
Anacheka, kisha ananishika mkono.
"Huyu wa mwezi usimtumie. Alizika Alhamisi."

Natafuta pa kuliandika hilo.
Kuna tarehe. Kuna kiasi. Kuna alama nyekundu
ya aliyechelewa.
Chini kabisa, kisanduku chembamba:
Maelezo mengine, si lazima.

Nampa simu.
Anapekua vile vipicha, uso unaolia kwa kucheka,
keki, ndege, bendera za nchi asizozijua,
mpaka anaupata mwezi wenyewe, mwembamba,
anauweka, anautazama,
na mtu anaita kutoka njiani: zipu nyeusi, inchi saba,
unayo?