Faharasa

Nilikwenda Kibuye Jumapili na elfu moja mia mbili,
mia mbili zikiwa za nauli na omena.
Vitabu vinauzwa nyuma ya mafundi redio,
juu ya turubai ya bluu,
na Apondi, mwenye navyo, huvipanga kwa unene
kama muuza viazi.

"Leo unatafuta nini?"
Kitabu cha kufundisha picha kutembea.
Si sinema. Vitu vidogo vya kwenye tovuti:
jani litikisike, herufi ziingie moja moja
kama watoto waliochelewa darasani.

Amondi ana mashine ya kuangulia vifaranga kule Ahero.
Anataka yai lipasuke mtu akiligusa kwa kidole.
Yai moja tu, alisema, nami nikakubali
kabla ya kujua nimekubali nini.
Mimi ni mchora vibao.
Ng'ombe wa bucha za Kondele karibu wote ni wangu
na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga hatua.

Cha kwanza kilikuwa na kurasa mia tisa na kumi na mbili.
Kingefaa kuzuia mlango upepo wa ziwani ukianza.
Kinataja kila kitufe, kila menyu na watoto wake.
Nikasoma aya; ikanituma ukurasa wa mia tatu arobaini.
Mia tatu arobaini ukanirudisha nilikotoka,
kama karani wa ofisi ya ardhi.

Cha pili chembamba, jalada linang'aa,
kiliahidi kunimaliza ujinga kwa wikendi mbili.
(Stima ya mtaa wetu hakikuulizwa.)
Ndani ya jalada la nyuma, mfuko wa sidii, mtupu,
na kila zoezi linaanza:
fungua faili lililo kwenye sidii.

Nina desturi. Kitabu cha kazi nakianzia nyuma,
kwenye faharasa, nakiuliza swali moja.
Siku hiyo niliuliza: kitu hupunguzaje mwendo?
Maana hakuna kinachosimama ghafla,
hata kuku akifukuzwa,
hata mkono wangu ukimaliza mkia wa herufi.
Kile kinene kilikuwa na majibu kumi na saba.
Chembamba hakikuwahi kusikia habari hiyo.

Cha tatu hakikuwa na jalada.
Kilianzia ukurasa wa kumi na saba, katikati ya sentensi.
Jibu lilikuwa moja, nikalifuata,
nikakuta penseli ya mtu pambizoni:
*Hapa nimekwama.*
Ukurasa uliofuata: *Bado.*
Uliofuata: *Bado.*
Kisha, kwa mkandamizo uliotoboa karatasi: *Kumbe!*

Na kwenye kona ya chini, nukta.
Nukta kwenye kona ya kila ukurasa.
Nikazishika kurasa kwa kidole gumba, nikaziachia,
na mpira ukaanguka, ukabonyea, ukadunda,
ukapanda ukichoka, ukakaa juu kidogo
kama unafikiri.
Kati ya sitini na sitini na nane pamechanwa;
hapo mpira unatoweka hewani
na kutokea upande wa pili, mzima.

Nikarudia. Fundi redio mmoja akaacha waya zake, akaja kuona.

"Nikwambie ukweli," Apondi akasema,
"programu ya hicho imeshabadilishwa mara nne.
Utatafuta vitufe, hutaviona."
"Bei?"
"Mia mbili hamsini. Kwa sababu ya kuchanika."
Sikuomba apunguze.

Ni kweli, vitufe sivioni.
Kompyuta ya saiba inasema hivi, kitabu kinasema vile,
nami katikati na penseli.
Lakini baada ya ukurasa wa tisini kona zilikuwa wazi,
yule mtu alikoma, sijui alipata kazi au alichoka,
nikaanza pale alipoachia,
yai, yai, yai, yai lenye ufa kama unywele.

Jana Amondi akatuma ujumbe:
*Yai limefika wapi?*
Nikamjibu: mia na nne.