Maji ya Mwezini

Redio ya Kihwele, kilabuni Mufindi,
imetangaza jioni: mwezini kuna maji.
Yameganda, ikasema, gizani mwa mashimo.
Wanywa ulanzi wakapiga makofi,
mbeta ikazunguka.
Mimi nikaiwaza ndoo yangu.

Tangu milingoti ishuke hadi bondeni
kinyungu cha mama kimekuwa vumbi,
chemchemi imebaki jina,
na jina halimwogeshi mtoto.

Sina ugomvi na mwezi.
Ndio ulionimulikia alfajiri za Juni,
majani meupe kwa sakitu,
nikitafuta kisima cha pili, cha tatu.
Ila anayejua hesabu anisaidie:
chombo kimoja cha kwenda kuchungulia barafu ya huko
ni miche mingapi ya mivengi?

Kihwele akacheka. “Wewe na miti yako!”

Mwaka juzi nilipanda saba
pale lilipokuwa jicho la maji.
Mmoja uliliwa na mbuzi, mbuzi wake Kihwele,
mitatu ilikauka, sikulia.
Leo asubuhi nimechimba kwa kidole
chini ya ule mrefu,
kidole kikatoka na tope.

Redio haikusema.