Ndoo Chini ya Mfereji

Saa tisa za usiku, nimetega ndoo yangu,
Wete hajawika kuku, ni chemli na mbu wangu,
mgao hauna siku, huja kwa saa ya Mungu.
Mfereji wakohoa, msahafu u pembeni.

Nimesoma ukubwani, kwa mwalimu Mwanakheri,
mjukuu ubavuni, akinicheka kwa siri,
na kijiti herufini, natambaa kwa hadhari.
Aya moja wiki nzima, nikaitia moyoni.

Kutwa nachoma mikate, ya ufuta, ya kuuza,
kinywani aya ipite, mkono ukigeuza,
wateja wangu waite, mbili, tatu, waagiza.
Nikisahau mahala, narudi nayo mwanzoni.

Mfereji huguna tu, hutema upepo kwanza,
kimya kisicho na kitu, huku kiu yanifunza;
dua zangu, enyi watu, hivyo hivyo zilianza:
ulimi ukikimbia, na moyo uko sokoni.

Yule mwanangu Shaame, kavuka bara kitambo,
simu kimya, nisiseme, kimezizima kiambo;
namwombea atazame nyuma, hata iwe kombo.
Miaka mitatu sasa, dua yangu i njiani.

Siku moja nilinuna, msahafu nikafunga,
nikasema: "Sina, sina neno tena la kuunga."
Siku saba nikaona mkate wote ni unga.
Nikarudi nina haya, kama mwizi mlangoni.

Jirani yangu Mkasi hunambia: "Umechoka,
tupige ramli basi, jibu lake ni haraka."
Namjibu kwa wepesi: ndoo kazi kutegeka.
Haijui kuyavuta maji yalo matangini.

Kopo moja la akiba, la udhu, nililificha,
jana tulikula haba, hata chai tukaacha;
uso, mikono, na toba, miguu, kope, na kucha.
Tone lililobakia nikaupa mrehani.

Nafungua ukurasa nilipoacha kijiti,
neno moja nalinasa, narudia kwa sauti;
sioni mtu, kabisa, ila upweke sipati.
Yupo; kimya kimejaa, si kama cha mabombani.

Kasorobo saa kumi, mfereji ukacheka,
kwanza ya kutu, sihami, kisha yakatakasika;
sikukurupuka mimi, aya haikukatika.
Ndoo tele, ikamwaga, yakatambaa uani.

Maji yamekuja, ndiyo. Shaame, sina habari.
Nafunika ndoo hiyo kwa sinia la sufuri,
nauketisha na moyo, kama ndoo, usubiri.
Muadhini akohoa, anataka kuadhini.