Dakika Moja ya Msumeno

Jumanne alfajiri, baridi ya Mafinga imekaza meno,
dereva wa lori la nguzo akashusha kioo, akatuambia:
Gaudensi Luvanda hayupo. Figo. Usiku wa kuamkia leo.

Kwa Leokadia, ulanzi wa kwanza haujachujwa,
mtu akacheka.
Sikugeuka kumtafuta.
Sauti naijua, ilikuwa yangu.

Msumeno tulimwita, naye jina akalipenda,
akaliandika ubavuni mwa basi, herufi refu kama milango.
Basi la timu. Alilinunua yeye, tusidanganyane.
Mwaka tulioshuka daraja tulikwenda Songea juu ya mbao,
vumbi hadi kwenye kope,
na tuliporudi alikuwa pale kwenye mizani, funguo mkononi:
"Pandeni. Mnanitia aibu."

Ila msumeno hukata ukienda,
hukata na ukirudi.

Miezi minne wachezaji hawakuona senti.
Zawayo, kipa, akawa anakaanga chipsi stendi usiku,
kesho yake anadaka penalti kwa viganja vyenye malengelenge.
Ndelwa wetu, aliyejifunzia mpira kwenye lundo la pumba za mbao,
akauzwa katikati ya msimu. Bei hatukuambiwa.
Na jezi, ah, jezi!
Kijani cha misonobari kikafutwa,
ikaja rangi ya chungwa, rangi ya mashine zake za kupasulia,
na kifuani, ulipokuwa mti,
uso wake.
Msimu mzima nimeufua uso wa mtu nisiyempenda,
nikiusugua kwa kiganja, si kwa brashi,
nikiuanika kivulini usichuje.

"Mungu amlaze pema," alisema Zabroni fundi cherehani,
"akishanilipa zile bendera sitini."
Wengine wakaguna, mmoja akavua kofia, akaivaa tena.
Leokadia akatua kata.
"Mwanangu yuko kidato cha nne kwa hela ya huyo huyo.
Wa kucheka akachekee barabarani,
na alipe kwanza."
Nikalipa. Nikaenda barabarani.
Kicheko kikagoma kutoka.

Maana misimu miwili tuliimba, jukwaa zima: Ondoka! Ondoka!
na ngoma iliyotangulia ilikuwa hii yangu.
Tulitaka auze timu, arudi kwenye mbao zake,
tumkute sokoni, tumtanie, atutukane.
Tulisema ondoka.
Hatukusema wapi.

Jumapili ukungu ulikaa uwanjani kama mwenye tiketi.
Refa akaomba dakika moja.
Mjane amesimama jukwaani, kitenge cheusi, mikono haijui pa kukaa.
Upande wetu wa kijani, tuliotoa jezi za zamani sandukuni,
tunanuka nondo na chuki iliyokunjwa vizuri.
Sekunde ya kumi, mbinja moja nyuma yangu.
Sekunde ya kumi na moja, kofi.
Baada ya hapo, kimya cha ajabu,
mashine moja tu ya mbao ikilia mbali, ng'ambo ya barabara kuu,
huenda ni yake, hakuna aliyeizima.

Zawayo aliupa uwanja mgongo, akautazama wavu.
Nilimuuliza baadaye.
"Jua lilinipiga machoni," alisema.
Jua lipi, Zawayo?

Dakika ikaisha. Watu wakanitazama mimi.
Ngoma siku zote huanza.
Nikapiga moja, mkono ukabaki hewani;
sijui ya kumsindikiza au ya kumfukuza,
nikapiga ya pili kuifuta ya kwanza.
Tulitoka sare, moja kwa moja. Basi likagoma kuwaka,
tukalisukuma, kijani na chungwa, bega kwa bega,
mikono juu ya jina lake.

Wanawe wako Dar es Salaam. Mpira, wanasema, hawaujui.

Leo baridi imerudi na visu vyake.
Ile ya chungwa ni nzito kuliko ya kijani, hilo nalo alilipia.
Nimeivaa ndani ya sweta,
nje ndani,
uso wake umeegemea ngozi yangu.
Asiniulize mtu.