Shauri la Kisima, Kikombo

Nilikuwa karani. Niliandika nilichoambiwa.
Bwana Shauri akauliza: hati iko wapi?
Nikatafsiri. Ndalu, mjane wa Mbijima, akacheka
kicheko kifupi, cha mtu aliyekanyaga mwiba.

Mama yake alilifukua korongo lile kwa kibuyu,
kiangazi kwa kiangazi: kiuno kikazama,
mabega yakazama, ikabaki sauti tu
ikiomba kamba.
Leo bomba la reli limeshuka palepale,
na gari moshi hunywa kwa pumzi moja
maji ya ng'ombe ya siku nne.

"Mwambie zamu zetu zina wenyewe.
Alfajiri ni ya akina Chilewa,
jua la utosi ni la ndama,
usiku ni wa wapita njia, na fisi.
Zamu ya chuma aliigawa nani?"

Sikulipata neno la Kiingereza la zamu.
Nikaandika: anadai maji.

Akafungua pindo la kaniki,
akamwaga mchanga juu ya daftari langu,
mchanga wa chini kabisa, mweusi,
akatoka bila kuaga.

Hakuna ushahidi, nikaandikishwa.
Wino ukakataa kukauka.