Tita la Thelathini

Baba alikuwa akihesabu kwa sauti.
Ngombezi nzima ilimjua kwa hilo:
Zefania Mtewele, Mbena wa kipande,
aliyekuja kukata mkonge miezi tisa
akakata miaka thelathini na moja.

Tita moja, majani thelathini.
Kila mkataji anaijua sheria hiyo,
na kila mkataji anajua pia
kwamba nyapara hupiga tita teke,
akiona halifumuki, anaandika, anapita.
Basi ndani, katikati, pasipofika jicho,
wengi waliweka ishirini na saba.

Baba aliweka thelathini.
Utomvu ulimla vidole,
mwiba ulimwachia kovu shavuni,
jua la saa sita lilimkuta mistari miwili nyuma ya wenzake,
naye ishirini na nane, ishirini na tisa,
na akikosa jani zuri la kutimiza
alirudi mstari mzima kulitafuta.

Nilimpelekea uji siku moja, nina miaka tisa,
nikaona aibu kwa jinsi walivyomcheka.
Baba, nikamwambia, hakuna anayefungua.
Akafuta kisu kwenye suruali.
"Anafungua," akasema. Hakunitajia nani.
Nikageuka kumtazama Bwana Shekiondo, nyapara,
aliyekuwa amelala chini ya tela, mdomo wazi.

Leo mimi ni mzee wa kanisa.
Ee Bwana, nihesabie:
kwaya tangu ujana, sijakosa zamu;
zaka, hata ya kuku niliowauza kwa hasara;
Kwaresima nzima kwa uji wa jioni tu;
kufua na kupiga pasi vitambaa vya meza yako;
mikesha; wagonjwa wa Magunga wasio na ndugu
niliowakata kucha.
Nimefika ngapi? Ishirini na tisa, labda.
Nimelifunga kwa kamba ngumu, nimeliweka barabarani,
na wapitao wanasema: Ama kweli, tita hilo!

Lakini Wewe unafungua.

Jani lililopungua liko Kwamndolwa,
ng'ambo ya shamba, nyumba yenye mlango wa bluu.
Linaitwa Tulizo. Ni dada yangu.
Siku tulipoondoa matanga ya mama
nilisimama mbele ya ukoo nikasema
laki mbili za kiinua mgongo cha baba
kazila Tulizo.
Hakujitetea. Alikung'uta kanga yake,
akawashika watoto mkono, akaondoka.
Pasaka iliyofuata nilifumua mto wa mama
nibadilishe sufi,
nikazikuta, zimeshonewa ndani kwa uzi mwekundu,
noti zote, zinanukia mafuta ya nazi.

Miaka saba, Bwana.
Miaka saba unaniambia neno moja: Nenda.
Nami nakujibu kwa nyimbo.
Uliposema Nenda, nilikuongezea siku tatu za kufunga.
Uliposema Nenda, nilichangia kengele mpya,
ikalia kwa nguvu hata nisikusikie.
Nimekuletea kila kitu ambacho hukukiomba.

Jumapili hii joho nimeliacha msumarini.
Nimeshika njia ya katikati ya mkonge,
fungu lile kifuani, pamoja na uzi wake.
Usinisifu. Mara mbili nimegeuza miguu,
mara mbili nikasikia mtu akihesabu kwa sauti
katika mistari isiyo na mtu,
akifika ishirini na tisa ananyamaza,
anangoja.

Mlango wa bluu umepauka.
Ndani kuna anayetwanga.
Maneno niliyoyapanga tangu Ngombezi
yote yameniishia kwenye kizingiti,
limebaki moja tu.

Hodi, nimesema.

Mchi umetulia.